Majoka wa Dungeons & Dragons: Rangi, Nasaba na Tarehe

Katika hikaya za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya, joka aghalabu huwa mmoja. Fafnir, ambaye habari zake zimehifadhiwa katika masimulizi ya Iceland, alilinda dhahabu yake peke yake mpaka Sigurd alipomchoma upanga kutoka chini. Joka aliyepambana na Beowulf katika utenzi wa kale wa Waingereza hakuwa na mke, wala mtoto, wala jirani. Na Smaug, ambaye J. R. R. Tolkien alimtia katika kitabu chake The Hobbit mwaka 1937, alimiliki mlima mzima bila ya mshirika. Mtu aliyesoma hikaya hizo hakuwa na haja ya kuuliza joka huyu ni wa ukoo gani, ana umri gani, au amezaliwa na nani, maana joka alikuwa ni maafa, na maafa hayaulizwi nasaba.

Kilichomgeuza joka akawa taifa zima, lenye koo, marika, makao, lugha, miungu na tarehe ya maelfu ya miaka, ni mchezo mmoja wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin. Huchezwa na watu wachache walioketi mezani, kwa karatasi, kalamu na dadu za pande mbalimbali: mmoja wao ni msimulizi, ambaye hueleza ulimwengu wa mchezo na kuwasemea viumbe wake wote, na waliobaki kila mmoja hubeba nafsi ya shujaa mmoja na kusema shujaa huyo afanya nini; kisha dadu huamua kama tendo limefaulu au limeshindikana. Maadam ulimwengu huo umejengwa kwa maneno na vitabu, majoka wake wameandikiwa kitabu juu ya kitabu kwa muda wa nusu karne, hata swali la asili yao likawa lastahili kuchambuliwa kwa makini kama lichambuliwavyo suala lolote la fasihi.

Nami nasema tangu mwanzo ninaloliamini, ya kuwa katika habari za majoka hawa kanuni ilitangulia na tarehe ikafuata. Kwanza waliandikwa katika jedwali, kwa manufaa ya wachezaji. Baadaye wakatafutiwa wazazi, miungu na vita vya zamani, ili jedwali lile lipate maana. Karibu kila uzuri wao, na karibu kila kasoro yao, imetokana na mfuatano huo.

Jedwali la kwanza lina umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1971 Gygax, akishirikiana na Jeff Perren, alitoa kijitabu cha kanuni za kupiganisha sanamu ndogo za askari mezani, kiitwacho Chainmail, na ndani yake ikaongezwa sehemu ya viumbe wa hikaya. Humo joka alipewa rangi, na kila rangi ikapewa silaha yake ya pumzi. Sababu yake ni ya mezani na ni rahisi kuifahamu: mchezaji alihitaji kujua mara moja, kabla ya kusogeza askari wake, ni hatari ya namna gani inayomkabili, na rangi ikafanya kazi ile ifanywayo na bendera juu ya mlingoti wa meli. Hapakuwa bado na neno lolote juu ya wema na ubaya wa ukoo.

Katika vijitabu vitatu vya mwaka 1974 majoka walikuwa sita: mweupe, mweusi, wa kijani, wa buluu, mwekundu na wa dhahabu, na huyu wa mwisho ndiye aliyetengwa na wenzake akawekwa upande wa sheria na utaratibu. Mwaka uliofuata, nyongeza iitwayo Greyhawk ilileta majoka wanne wengine wa madini, yaani wa fedha, wa shaba nyekundu, wa shaba ya manjano, na wa ile shaba iliyochanganywa na bati. Hesabu ikatimia kumi, watano wa rangi na watano wa madini, na kitabu kikubwa cha viumbe, Monster Manual cha mwaka 1977, kikathibitisha kwamba wale wa kwanza ni waovu na hawa wa pili ni wema. Kwa hivyo alama iliyowekwa ili kumwonya mchezaji juu ya pumzi iligeuka ikawa hukumu juu ya roho.

Walakini ndani ya jedwali hilo waandishi walipanda mambo mazuri, na haitakuwa insafu kuyapita mbio. Kila rangi ilipewa nchi yake, na nchi ikaumba hulka. Joka mweupe hukaa katika nchi za theluji, ni mdogo kwa umbo na mchache wa akili kuliko jamaa zake, pumzi yake ni baridi kali, na huwahifadhi maadui aliowaua ndani ya barafu ili awe akiwatazama. Mweusi hukaa vinamasini na hutema tindikali. Wa kijani ni wa misituni, pumzi yake ni hewa ya sumu, na silaha yake kubwa zaidi ni hila. Wa buluu hujifukia katika mchanga wa jangwa na hupiga kwa radi. Na mwekundu, mrithi wa kweli wa Smaug, hukaa katika milima ya moto, na hujisifu kwamba aikumbuka kila sarafu iliyomo katika hazina yake. Mchoraji Todd Lockwood, aliyeongoza kazi ya kuwasawiri upya kwa toleo la tatu la mwaka 2000, alihakikisha kuwa kila aina yatambulikana hata picha ikichapwa bila ya rangi: mweusi akapewa pembe zilizokunjama kuelekea mbele na uso uliokauka kama fuvu, wa buluu pembe moja kubwa juu ya pua, na mwekundu pembe ndefu zinazorudi nyuma. Ukizificha rangi zao zote, bado utajua ni nani aliye mbele yako.

Majoka wa madini waliandikiwa kwa upole zaidi. Yule wa shaba na bati hukaa pwani, hupenda mambo ya vita na mabahari, na hujigeuza pomboo au ndege wa baharini ili apate kuzitazama meli kwa karibu. Wa fedha hupenda kuishi na wanadamu kwa sura ya binadamu, miaka na miaka, bila ya mtu kumjua. Wa shaba nyekundu ni mpenda vitendawili na mizaha. Lakini ninayempenda kuliko wote ni wa shaba ya manjano, ambaye hukaa katika jangwa lile lile la joka wa buluu na ambaye shauku yake moja ni mazungumzo. Toleo la tatu laeleza kwamba msafiri akikataa kuongea naye na kutaka kwenda zake, joka huyo huweza kumpulizia hewa ya usingizi, na msafiri akizinduka hujiona amefukiwa mchangani mpaka shingoni, na joka yuko mbele yake akingoja maongezi. Hapana mapigano katika tukio hilo, wala hazina, wala uovu. Pana kiumbe mkubwa aliyekaa peke yake muda mrefu mno katika nchi isiyo na watu. Maelezo machache kama hayo yana thamani kuliko kurasa nyingi za hesabu, kwa sababu ndani yake joka amepata haja, na kiumbe mwenye haja ana maisha.

Jambo la pili lililompa joka maisha ni umri. Kitabu cha 1977 kiliwagawa katika marika 8, kuanzia mtoto wa mwaka 1 hadi 5, hata mkongwe aliyepita miaka 400, na hesabu yake ilikuwa ya ustadi mkubwa. Nguvu za kiumbe yeyote katika mchezo huu hupimwa kwa alama za uhai, ambazo kwa kawaida hupatikana kwa kurusha dadu zenye pande 8. Lakini kwa joka dadu hazikurushwa kuhesabu alama hizo, bali daraja la rika lake lilichukua mahali pa kila dadu. Joka mwekundu aliye mkubwa kabisa kwa umbo ana dadu 11. Akiwa mtoto hupata alama 11 tu, na akiwa mkongwe hupata 8 kwa kila dadu, jumla 88. Na madhara ya pumzi yake yalikuwa sawasawa na alama zake za uhai, maana yake moto wake na maisha yake vilikuwa kitu kimoja. Sijaona kanuni nyingine katika mchezo huu iliyosema mengi kwa hesabu chache namna hiyo.

Hata hivyo alama 88 hazikutosha. Kundi la mashujaa waliokomaa liliweza kummaliza mkongwe huyo kwa muda mfupi, na tena zilikuwapo kanuni za kumpiga joka mpaka asalimu amri, kisha kumpeleka sokoni akauzwa. Toleo la pili la mwaka 1989 lilitaka kumrudishia haiba yake, likaongeza marika mpaka 12, la mwisho likiwa la waliopita miaka 1,200. Toleo la tano la 2014 likapunguza marika yakawa 4, mtoto, kijana, mzima na mkongwe, na mkongwe mwekundu akapewa alama 546. Kwa kumtisha mchezaji limefaulu. Kwa kueleza maisha marefu ya kiumbe, naona limepoteza kitu, kwa kuwa joka wa miaka 101 na joka wa miaka 800 wamewekwa rika moja, na yote yaliyowapata baina ya miaka hiyo hayana tena mahali pa kuandikwa.

Sasa tuje kwenye miungu. Nyongeza ya 1975 iliwataja watawala wawili, mfalme wa majoka wema na malkia wa majoka waovu, na kitabu cha 1977 kikawapa majina, Bahamut na Tiamat. Majina haya yalikuwa na wenyewe. Tiamat ni bahari ya maji ya chumvi katika simulizi la Wababeli la kuumbwa kwa ulimwengu, mama wa miungu, ambaye Marduk alimwua na kuupasua mwili wake, akafanya kwa mwili huo mbingu na ardhi. Bahamut ni samaki. Wanazuoni wa Kiarabu walioandika juu ya maajabu ya maumbile, akiwamo Zakariya al-Qazwini wa karne ya 13, walimtaja kuwa ni samaki mkubwa asiyeweza kukadiriwa, juu yake amesimama fahali, juu ya fahali umewekwa mwamba, juu ya mwamba amesimama malaika, na malaika ndiye aliyeibeba dunia. Msomaji aliyezizoea habari hizo akifungua kitabu cha mchezo atamkuta samaki yule amekuwa joka wa platini, na mama wa miungu amekuwa joka wa vichwa vitano, kila kichwa na rangi yake, anayekaa katika tabaka la kwanza la jahanamu.

Naona kwamba majina yalichukuliwa kwa ajili ya mlio wake na ukubwa wake, na habari za wenye majina zikaachwa nyuma. Kwa Bahamut hasara si kubwa, kwa sababu waandishi wa mchezo walimtungia sura mpya iliyo nzuri kwa nafsi yake: husafiri duniani kama mzee fakiri, amefuatana na ndege wadogo saba waimbao, nao kwa hakika ni majoka saba wakongwe wa dhahabu. Kwa Tiamat hasara ni kubwa. Mwili wake katika simulizi la Babeli ndio uliokuwa malighafi ya ulimwengu. Katika mchezo amekuwa jumla ya sehemu moja ya jedwali, rangi tano zilizofungwa katika kiwiliwili kimoja. Hapa yaonekana dhahiri jinsi kanuni ilivyotangulia, kwani hata mungu alitengenezwa kwa kipimo cha orodha.

Kazi ya kuitafutia orodha ile tarehe ilianza kwa nguvu mwaka 1984, katika ulimwengu uitwao Krynn, uliobuniwa na Tracy Hickman na mkewe Laura, na kuandikiwa riwaya na Tracy Hickman pamoja na Margaret Weis, ya kwanza ikiitwa Dragons of Autumn Twilight. Katika Krynn majoka wamekwisha kuwa hadithi ya wazee. Hapana aliye hai miongoni mwa watu wa kawaida aliyewaona. Ghafla majoka waovu wanarudi na majeshi, wakimtumikia Malkia wao, Takhisis, na majoka wema hawaonekani popote. Kwa nini hawaji? Jibu la waandishi hao ndilo wazo zito kuliko yote yaliyopata kuandikwa ndani ya mgawanyiko wa rangi na madini. Mayai ya majoka wema yaliibwa walipokuwa wamelala, na ili watoto wao wasiangamizwe walilazimishwa kula kiapo cha kutoingia vitani. Wakakitimiza kiapo. Wakati huo huo, kwa siri, mayai yale yalikuwa yakigeuzwa kwa uchawi, na kutoka ndani yake wakatolewa askari wa adui.

Askari hao, wanaoitwa draconian, walifuata madini ya wazazi wao. Mayai ya shaba ya manjano yalitoa Baaz, ambaye akiuawa hugeuka jiwe na kuunasa upanga uliomwua; mayai ya shaba nyekundu yalitoa Kapak, ambaye maiti yake huyeyuka ikawa tindikali; ya shaba na bati yalitoa Bozak, ambaye mifupa yake hupasuka kwa kishindo; ya fedha yalitoa Sivak; na ya dhahabu Aurak. Mchezaji huzijua sifa hizi kama hatari za vitani, ya kwamba ukimpiga Baaz mkono wako hubaki bila ya silaha. Mzazi wa yai huzijua kwa maana nyingine, kwamba mwanawe hata katika kufa hakuachiwa kufa kama kiumbe wa kawaida. Hapa jedwali liligeuka likawa tarehe kwa mara ya kwanza, na tena likajipinga lenyewe bila ya kukusudia: ikiwa yai la wema laweza kutoa askari wa uovu kwa dhuluma ya mwingine, basi uovu huo umetoka katika dhuluma, haukutoka katika damu. Mwaka 1996 Margaret Weis na Don Perrin waliifuata hoja hiyo katika riwaya ya The Doom Brigade, ambamo askari hao hao, baada ya vita, wanatafuta mahali pa kuishi na namna ya kuwa taifa.

Juu ya Faerûn, bara la ulimwengu wa Ed Greenwood uliotolewa na TSR mwaka 1987, sitakawia. Huko majoka waliitawala dunia zamani za kale, mpaka wachawi wa msituni walipofanya uchawi mkubwa, ulioambatanishwa na nyota fulani, uwatiao majoka wazimu kila itokeapo, wakaharibu hata walivyojenga wenyewe. Ni sababu ya kutosha ya kuanguka kwa dola, lakini ni sababu iliyotoka nje yao kabisa. Majoka wa Faerûn hawakukosea lolote katika kuanguka kwao, kwa hivyo hawana la kujifunza.

Aliyeligeuza suala lote ni Keith Baker, ambaye pendekezo lake la ulimwengu mpya lilichaguliwa katika shindano la mwaka 2002 lililopata maombi zaidi ya 11,000, na likachapishwa mwaka 2004 kwa jina la Eberron. Baker aliamua mambo mawili. La kwanza, majoka wakawa mwanzo wa kila kitu: watatu wa awali walipigana, Khyber akamrarua Siberys, na Eberron, asipoweza kumwua Khyber, akajizungusha juu yake akamfunga kwa mwili wake mwenyewe; vipande vya Siberys vikawa mkufu wa mbinguni, mwili wa Eberron ukawa nchi na bahari, na Khyber akawa giza la chini ya ardhi. Babeli imerudi hapa bila ya kutajwa jina. La pili, na ndilo kubwa kwangu, akaikata kamba iliyoifunga rangi na tabia. Katika Eberron joka mwekundu aweza kuwa mwadilifu, na wa dhahabu aweza kuwa dhalimu. Msafiri aliyesoma vitabu vya zamani na akaitegemea rangi, huenda akaangamia.

Kwa kuwaacha huru, Baker aliwapa kwa mara ya kwanza tarehe yenye dhamana. Majoka wa bara la Argonnessen walipigana na mashetani waliotawala mwanzo wa dunia, na ushindi ukapatikana kwa sadaka ya nyoka wenye mbawa waliozitoa roho zao kuwa minyororo. Kisha, miaka kiasi cha 40,000 kabla ya zama za mchezo, majitu wa bara la Xen'drik walipokaribia kutumia uchawi ambao ungeihatarisha dunia nzima, majoka waliruka wakauangamiza ustaarabu wao wote, na mabara hayo mawili hayakusameheana. Je, walifanya haki? Kitabu hakikuhukumu. Katika Krynn swali hilo lisingeweza kuulizwa kwa joka wa dhahabu, kwa sababu jibu limekwisha andikwa juu ya magamba yake.

Matoleo makuu yalichelewa kuifuata njia hiyo. Toleo la tatu liliandika kuwa joka mwekundu ni mwovu daima, na neno hilo likafafanuliwa kuwa anayetoka nje ya desturi ni wa pekee, mmoja katika milioni. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilitunga kisa cha mungu mmoja wa majoka, Io, aliyepasuliwa vitani na katika vipande vyake viwili wakatoka Bahamut na Tiamat. Kisa kizuri, ambacho kinawafanya wema na uovu kuwa ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2020 wachapishaji, ambao sasa ni Wizards of the Coast, walikiri hadharani kwamba baadhi ya jamii za viumbe wao zilikuwa zimesawiriwa kuwa ovu kwa kuzaliwa, kwa namna iliyofanana mno na jinsi makabila ya watu halisi yalivyodhulumiwa kwa kalamu. Mwaka 2021 kikatoka Fizban's Treasury of Dragons, ambacho kimewaingiza katika toleo la tano majoka wa vito, wa zumaridi, bilauri, yakuti samawi na wenzao, waliotajwa kwanza katika jarida la mchezo mwaka 1980, na kikasimulia ulimwengu mmoja wa awali ulioumbwa na Bahamut na Tiamat kwa pamoja, ukavunjika, na vipande vyake vikawa dunia zote nyingine. Majoka wa Kichina, walioingizwa mwaka 1981 katika kitabu cha Fiend Folio, wamebaki pembezoni miaka yote hiyo, na hilo ni pengo ambalo bado linangoja mwandishi wa kulijaza kwa heshima inayostahiki.

Hukumu yangu ni kwamba Eberron ndiyo iliyowatendea majoka haki, na Krynn ndiyo iliyowapa huzuni. Kitabu cha 2021, pamoja na ustadi wake, kimejitwika kazi ya kupatanisha dunia zisizopatanishika, na katika kuzipatanisha kimeupunguza ukali wa kila moja. Msomaji anayetaka kuingia katika elimu hii, aanze na orodha ya mwaka 1977, aitazame vizuri hesabu ya marika. Kisha asome riwaya ya 1984 kwa ajili ya mayai. Kisha kitabu cha Eberron cha 2004. Kile cha Fizban akiweke mwisho, kwani kimeandikwa kwa mtu ambaye amekwisha wajua wote waliotangulia.